Akitoka Mmoja, Wanahama Wangapi?

Dakika ya 58 beki wetu wa kulia alisimama ghafla, akashika nyuma ya paja, akainua mkono kabla hata hajakaa chini. Aliyewahi kucheza mpira anaujua ule mkono. Haombi faulo wala maji, anaomba kutolewa. Tulikuwa tunaongoza 2-1. Baadaye tukapata la tatu, mechi ikaisha 3-1, na watu wakaondoka wakilisimulia bao la tatu. Lilikuwa bao zuri kweli. Mimi lakini nilirudi na dakika ishirini zilizofuata baada ya ule mkono kuinuliwa, na mpaka leo bado ninazo kichwani.

Sitaitaja timu yangu. Wenzangu tunaoishabikia tutajuana, na jambo lenyewe linaihusu timu yoyote iliyo kwenye maandalizi ya msimu mpya. Mechi ilikuwa ya kirafiki, ya tatu tangu wachezaji warudi mapumzikoni. Nilikwenda na daftari, kama ninavyofanya kila mwaka wakati huu, kwa sababu kwangu hizi ndizo mechi muhimu kuliko zinavyoonekana. Matokeo yake hayana pointi, ila zinaonyesha kitu ambacho ligi ikishaanza hukioni tena mpaka siku ya balaa: nyuma ya kikosi cha kwanza kuna nini.

Tazama kilichofanyika. Beki wa kulia ametoka, na kwenye benchi kuna kijana wa miaka 19 ambaye namba yake ni hiyo hiyo. Alikuwa ameshaanza kupasha misuli. Kocha akamwita mtu mwingine, kiungo mshambuliaji. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, akapelekwa kulia kucheza beki. Namba nane, kiungo wa kati, akashuka kuwa sita. Namba kumi akarudi nane, na aliyeingia akachukua kumi. Mmoja ameumia, watatu wamehama. Kijana akavaa tena koti lake la mazoezi, akakaa.

Kabla ya hapo winga wao wa kushoto alikuwa hajapiga krosi hata moja ya maana. Katika dakika kumi zilizofuata alipiga tatu. Si kwamba namba sita wetu ni mzembe. Miguu yake imezoea kukaa katikati, na kila mpira ulipokuwa upande wa pili alivutwa ndani hatua tatu, nne, akakaa pale anapokaa siku zote, na pembeni pakabaki uwanja mtupu. Namba nane, anayependa kupokea mpira akiwa ameshatazama goli la wapinzani, sasa alikuwa anapokea akiwa ameipa mgongo nusu yao. Pasi zake mbili za kwanza alizirudisha kwa kipa. Namba kumi nilimhesabia mguso mmoja tu karibu na boksi kwa robo saa nzima. Aliyeumia alikuwa beki wa kulia, lakini timu ilichechemea kuanzia katikati.

Siku hizi ndiyo hesabu yangu. Sihesabu majina. Nahesabu waliohama.

Kwenye karatasi kila timu ina kikosi kipana. Ligi Kuu ya Uingereza, kwa mfano, inaruhusu orodha ya wachezaji 25, pamoja na vijana wa chini ya miaka 21 ambao hawahesabiwi humo. Toa makipa watatu, unabaki na 22, wawili kwa kila namba ya uwanjani na chenji inabaki. Mashabiki huichora hiyo picha kila msimu, jina la kwanza juu, la pili chini yake, na moyo hutulia. Ukiitazama vizuri utakuta jina moja limeandikwa mara tatu. Yupo chini ya beki wa kulia, yupo chini ya kiungo mkabaji, yupo chini ya beki wa kati. Huyo ndiye kiraka, na nampenda kiraka kama anavyompenda kila kocha. Lakini kiraka kimoja hakizibi matundu mawili kwa wakati mmoja. Na kama kiraka chenyewe ni mchezaji wa kikosi cha kwanza, maana yake umekata kitambaa cha mgongoni kushonea kiwiko.

Mfano ninaourudia kila ninapozungumza jambo hili ni Liverpool ya msimu wa 2020/21. Tarehe 17 Oktoba 2020, uwanjani Goodison Park dhidi ya Everton, Virgil van Dijk aliumia goti, msimu wake ukaishia hapo. Mwezi uliofuata Joe Gomez naye akaumia goti akiwa na timu ya taifa. Mwishoni mwa Januari Joël Matip akawafuata. Mabeki wa kati watatu, wote nje. Jürgen Klopp hakukosa jibu: Fabinho, kiungo mkabaji, anajua kucheza beki wa kati. Jordan Henderson naye, ikibidi, anaweza. Na Fabinho alicheza vizuri pale nyuma, hilo lazima lisemwe. Swali ni nani alikuwa anacheza kazi ya Fabinho pale mbele ya mabeki. Timu iliyokuwa imekaa mechi 68 za ligi nyumbani bila kufungwa ilifungwa na Burnley Januari 2021, kisha ikaendelea mpaka kufikisha vipigo sita mfululizo vya ligi pale Anfield.

Sisemi yote yalitokana na hilo. Viwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, na washambuliaji nao walikuwa wamepoa. Ila angalia kilichokuja Machi. Fabinho alirudishwa katikati, na nyuma wakaachwa watu ambao hakuna aliyewachora kwenye picha ya mwanzo wa msimu: Ozan Kabak, aliyekuja kwa mkopo kutoka Schalke siku ya mwisho ya dirisha la Januari, Nat Phillips, ambaye msimu uliotangulia alikuwa kwa mkopo Stuttgart, daraja la pili Ujerumani, na Rhys Williams, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa akichezea Kidderminster Harriers, daraja la sita Uingereza. Hakuna hata mmoja kati yao aliye bora kuliko Fabinho kama beki. Pamoja na hayo Liverpool ilicheza mechi kumi za mwisho za ligi bila kupoteza, ikashinda nane, ikamaliza ya tatu kwa pointi 69. Mtu wa kawaida kwenye namba yake, na katika mechi nyingi wengine wote wakabaki kwenye zao. Nilijifunza mengi kutoka kwa Phillips msimu ule, mtu aliyekuwa akiruka juu kupiga vichwa kana kwamba kila kona ni ya mwisho maishani mwake.

Kwa haki, upo mfano unaonibana. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, 26 Mei 1999, Barcelona. Manchester United wanacheza na Bayern Munich bila Roy Keane na Paul Scholes, wote wamefungiwa kwa kadi. Alex Ferguson akamtoa David Beckham pembeni akamweka katikati na Nicky Butt. Ryan Giggs, mtu wa kushoto, akapelekwa kulia. Kushoto akaingia Jesper Blomqvist. Wametoka wawili, na wawili zaidi wamehamishwa, tena ndio waliokuwa mabawa ya timu. Kwa dakika 90 ilionekana. Bayern waliongoza tangu dakika ya 6, wakagonga mwamba, na United hawakuwa United. Kisha kona mbili za Beckham ndani ya muda wa nyongeza, Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, wote wametokea benchi, na kombe likaenda Manchester. Kwa hiyo ndiyo, timu inaweza kuhamisha watu ikashinda kombe kubwa kuliko yote ya klabu Ulaya. Lakini nikiiangalia mechi ile tena, naona kilichoiokoa ni washambuliaji wawili walioingia kucheza namba zao.

Hapo kuna tofauti ambayo mashabiki tunaichanganya. Benchi lina watu wa aina mbili. Yupo wa kubadilisha mechi, anayeingia dakika ya 75 na kuwachezea watu waliochoka. Joselu wa Real Madrid, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Espanyol, aliingia dakika ya 81 dhidi ya Bayern tarehe 8 Mei 2024, akafunga dakika ya 88 na nyingine muda wa nyongeza, Madrid wakaenda fainali. Tangu sheria ya kubadilisha wachezaji watano ilipoingia kwa muda mwaka 2020 na kuwa ya kudumu 2022, mtu wa aina hii thamani yake imepanda sana. Halafu yupo wa kuziba pengo, wa kuanza mechi nane mfululizo kwa sababu mwenye namba ameumia nyonga. Huyu wa pili hashangiliwi. Hafungi dakika ya 88. Kazi yake ni kwamba usione tofauti. Timu yangu ina wa aina ya kwanza wengi, mawinga watano na viungo washambuliaji watatu. Wa aina ya pili, katika mabeki wa pembeni, tuna mmoja tu, na ndiye yule aliyevaa koti.

Mechi ya maandalizi, sasa, ina namna yake ya kudanganya. Watu wengi huangalia kipindi cha pili, kocha anapoingiza kikosi kizima kipya, na kuanza kutoa alama: huyu kacheza, huyu bado. Mimi alama hizo siziamini sana. Wakiingia kumi kwa pamoja, wanacheza na wenzao wa akiba dhidi ya akiba ya wapinzani, watu wenye miguu mizito ya wiki tatu za mazoezi asubuhi na jioni. Winga akimpita beki mara nne hapo, ujue kampita nani. Na kinyume chake pia: mchezaji wa akiba anayeonekana amepotea, mara nyingi amezungukwa na tisa wengine waliopotea. Kinachonipa habari ni mmoja kuingia kati ya kumi wa kikosi cha kwanza, mbele ya wapinzani ambao nao bado wana kikosi chao. Hapo ndipo unaona kama timu inamchukua au inamtema.

Kijana wetu aliingizwa dakika ya 84, pamoja na wengine wanne. Nilimwandikia kila mguso. Ni miwili, yote ya kurusha mpira.

Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Tunaongoza, mechi haina pointi, mwenye namba ameumia mbele ya macho yetu. Ni saa ipi nyingine bora ya kumjua mtoto huyu? Kocha ana sababu zake na anamwona kila siku mazoezini, mimi namwona jukwaani. Huenda kweli hajaiva. Lakini kama hajaiva, basi hatuna beki wa pili wa kulia, na kama hatuna, dirisha la usajili bado liko wazi na tunajua la kufanya. Nisichokubali ni kumhesabu kwenye orodha, kisha kumruka siku nafasi yake inapofika. Kumruka vile ni kumwambia mbele ya uwanja mzima kwamba kuhamisha watu watatu ni salama kuliko kumwamini yeye. Novemba, tutakapomhitaji ugenini kwenye mvua, atakuwa bado anakumbuka.

Niseme kwa nini nalibeba hili kifuani. Niliwahi kuwa kipa wa pili wa timu ya vijana kwa msimu mzima. Mazoezini kocha wetu aligawa timu mbili, kikosi cha kwanza upande huu, akiba upande ule, kila siku, bila kuchanganya. Nilizijua sauti za mabeki wa akiba gizani. Mabeki wa kwanza niliwajua kwa kuwatazama. Siku kipa wa kwanza alipougua nikaanza mimi, na dakika ya kumi na kitu ukaja mpira mrefu kati yangu na beki wa kati. Nikaita "Langu!" Alisikia, baadaye aliniambia kwamba alisikia. Ila kipa wake alikuwa na tabia ya kuita mapema zaidi, mpira ukiwa bado juu kabisa, na mimi niliita nilipokuwa nimeshatoka kuufuata. Kwake sauti iliyochelewa ilikuwa na maana ya "siufikii". Akaruka kuupiga kichwa, mimi nikaruka kuudaka, ukatugonga wote ukaingia wavuni. Chumba cha kubadilishia nguo niliambiwa sina sauti. Nilikuwa na sauti. Kilichokosekana ni saa kumi za mazoezi na yule beki.

Kwa hiyo kuna kitu kimoja katika mechi hii kilichonifurahisha sana, na sikukisikia kwa mtu mwingine. Mapumziko, kocha alibadilisha kipa, akawaacha mabeki wa kati wawili wa kikosi cha kwanza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dakika ya 71 mpira ukapenyezwa nyuma ya mabeki, kipa wa pili akatoka, akasita, beki naye akasita akimsubiri, na mshambuliaji wao akapita katikati yao na kupiga nje ya mwamba wa kushoto kwa upana wa kiatu. Jukwaa lilizomea. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba hiyo ndiyo sababu ya mechi kuwepo. Kosa lile bora litoke sasa. Baada ya filimbi ya mwisho, wengine wakipeana mikono, hao wawili walirudi pale pale. Beki alikuwa ananyoosha mkono kuonyesha mpira ulikotokea, kipa anaonyesha alipoanzia mbio, wakarudia hatua zao bila mpira.

Kuna uhamaji mwingine ambao hesabu yangu ya namba haiukamati, na hapa Arsenal ya 2022/23 ndiyo iliyonifundisha. Tarehe 16 Machi 2023, mechi ya Ligi ya Europa dhidi ya Sporting, waliumia William Saliba na Takehiro Tomiyasu usiku mmoja. Nafasi ya Saliba akaingia Rob Holding, beki wa kati kwa beki wa kati, na hakuna aliyebadilishiwa namba. Kwa hesabu yangu, sifuri. Walizifunga Crystal Palace na Leeds 4-1 kila moja, kila mtu akapumua. Kisha 2-2 na Liverpool, 2-2 na West Ham, 3-3 na Southampton, na kufungwa 4-1 na Manchester City. Walimaliza na pointi 84, City 89. Holding ni beki mwaminifu na hakuwa na kosa la tabia wala la bidii. Hana tu kasi ya Saliba ya kukimbizana na mshambuliaji katika mita arobaini za uwanja ulio wazi, na unapojua huna kasi hiyo, unarudi nyuma hatua chache. Ukirudi wewe, mwenzako anarudi, kiungo naye anavutwa, na pengo linafunguka katikati. Namba zilibaki zile zile; mstari mzima ulihama. Kwa hiyo siku hizi nikiona sub ya beki kwa beki, huwa siangalii mpira kwa dakika tano za kwanza. Naangalia mstari wa nyuma unasimama wapi timu ikiwa na mpira upande wa pili.

Mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, nayo ina uhamaji wake, na huwa haizungumzwi kabisa. Akitoka beki mrefu, nani anamchukua mrefu wao kwenye kona? Kwetu, namba sita alipohamia kulia aliendelea kukaba mwamba wa karibu kama kawaida, kwa hiyo hapo tulikuwa salama. Mpigaji wa kona alipotoka, kona mbili zilizofuata zilipigwa na watu wawili tofauti, zote zikaishia kwa beki wa kwanza.

Wapo watakaoniambia Leicester City walichukua ubingwa wa Uingereza 2015/16 kwa watu wale wale kila wiki, Wes Morgan na Kasper Schmeichel wakicheza kila dakika ya mechi 38. Ni kweli, na ni moja ya hadithi ninazozipenda kuliko zote. Lakini hawakuwa na mechi za Ulaya, na vikombe vyote viwili vya ndani walitolewa mapema, Kombe la FA wakiwa mzunguko wa tatu tu. Walikuwa na wiki nzima ya kupumzika kati ya mechi nyingi. Sisi mwaka huu tuna mashindano matatu, na wachezaji wanne wa kikosi cha kwanza wanaoitwa timu za taifa kila kalenda inapofunguka.

Kama ningeulizwa, nisingesajili winga wa sita, hata yule anayezungumzwa kila siku. Ningetafuta beki wa kulia mwenye miaka 27 au 28, asiyeleta kelele, aliyewahi kucheza mechi thelathini kwa msimu. Au kabla ya kutoa pesa yoyote, ningempa kijana wetu mechi nzima kati ya mabeki watatu wa kwanza na kipa wa kwanza, namba sita akiwa mbele yake kwenye kazi yake mwenyewe. Dakika 90 hizo zingetueleza zaidi kuliko orodha yoyote ya kwenye karatasi.

Taarifa ya jana inasema msuli wa beki wetu utamweka nje wiki tatu hadi nne. Mechi ya mwisho ya kirafiki ni Jumamosi. Nitafika saa moja kabla, wakati wa kupasha misuli, wachezaji wanapojipanga wanne wanne kupigiana pasi fupi, kwa sababu kikundi cha mabeki wa kwanza hukaa pamoja kila mara, karibu na kibendera cha kona. Nataka kuona nani atakuwa wa nne.